Gia ya Pili Haitaki Ngumi

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Lizaboni, Fundi Mkuu hakunipa hata spana. Alinikalisha ndani ya gari la spoti lililozimwa, akaniamuru nifumbe macho na kubadili gia.

"Vidole!" akafoka. "Ngumi ya nini? Unasonga ugali?"

Magari ya spoti tuliyohudumia yalikuwa machache, ya wafanyabiashara wa kahawa na tumbaku, na kila moja lilikuwa na tabia yake. La Kijapani lilikuwa na mkono mfupi wa gia; ukigusa tu, tak, imeingia, kama swichi ya taa. La Kijerumani lilikuwa zito, ulisukuma taratibu na kusubiri. La Kiitaliano lilikuwa na kiburi. Asubuhi za Juni, oili ikiwa imeganda kwa baridi yetu ya Songea, gia ya pili ilikataa katakata. Uliruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu mpaka oili ipate moto. Aliyelazimisha aliua zile pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana, na pete hizo hapa hazikupatikana.

Miaka mingi baadaye, Fundi Mkuu alipoondoka, akaja Meneja, mtu asiyewahi kuchafua kucha. Giaboksi ya lile la Kijapani ilikuwa inalia. Akaagiza ijazwe oili nzito na grisi ili inyamaze, apate kuliuza gari. Uchafu huo unafanyika mpaka leo, na unanichefua. Grisi haiponyi gia, inaiziba mdomo tu.

Mnunuzi, kijana wa korosho kutoka Tunduru, alipokuja kulijaribu, nilishika mkono wa gia mbele ya Meneja. Ulikuwa mzito kwa grisi; safari hii kweli nilikuwa nasonga ugali.

"Usilichukue," nikamwambia kijana. "Wamelijaza grisi."

"Mbona halina hata mlio, mzee?" akacheka. "Au unalionea wivu?"

Alilinunua. Meneja akanistaafisha wiki ile ile, bila kuniaga hata kwa soda.

Hasira hiyo sijaitua. Nyinyi wa otomatiki mnasema gia za mkono zimepitwa na wakati. Semeni, lakini msinidanganye kwamba zote zilikuwa sawa.

Juzi yule kijana alibisha hodi kwangu.

"Shikamoo, mzee. Wallahi, gia ya pili haiingii tena. Nimelazimisha mpaka kiganja kimevimba."

"Marahaba. Mrudie Meneja wako."

Akageuka kinyonge. Alipofika getini, nikashindwa kujizuia.

"Wewe! Lete gari," nikamfokea. "Lakini mwenyewe usije na ngumi hiyo. Mpe mtu mwingine aliendeshe."