Kazi mbili, mashine ya alizeti na mjanja aliyeficha mali kwa mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai, nimeishuhudia mwenyewe hapa Singida.

Mimi ni mwalimu. Asubuhi nafundisha shule ya private, jioni nina part-time chuoni. Siku naanza chuo nilimwambia mhasibu wao ukweli: nina ajira nyingine, kwa hiyo hapa nikateni kodi kwa kile kiwango cha juu cha ajira ya pili. Inauma, ila mwisho wa mwaka unalala usingizi.

Sasa tuna mwenzetu, tumwite Elia. Naye ana kazi mbili kama mimi, plus mashine ya kukamua alizeti kule Mgori. Huyu bwana alinicheka staff room nzima ikisikia. "Yaani unajipeleka mwenyewe ukakatwe? Mimi chuo hawajui kama nina kazi nyingine."

Na mashine je? Kaiandikisha kwa jina la mama mkwe, ambaye ndiye anaisimamia. Leseni, TIN, kila kitu.

"Nani atamfuata bibi kijijini?"

Mtu ana degree ya hesabu huyo, jamani.

Haikuchukua muda, mishahara yote miwili ikasomeka pamoja kwa watu wa kodi. Akaitwa alipe pengo lote la kodi, na riba juu. Mjanja akaona dawa ni kuuza mashine. Mteja akapatikana Sepuka.

Akaniomba nimsindikize. Tukafika Mgori, shikamoo zikapita, tukala. Elia akaanza kuzungukazunguka na maneno weee, mpaka akafika kwenye habari ya kuuza mashine. Mama akamsikiliza vizuri tu.

"Baba, mashine yangu siuzi. Kodi yake nalipa mwenyewe, na wateja wameshanizoea."

Wakuu, kwetu huku mkwe humpandishii sauti. Ukigombea naye mali, ukoo mzima unakukalia kikao. Na ungemshtaki kwa karatasi gani? Yule yule mwenye mdomo mrefu staff room aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mama."

Pengo kalilipa kwa mkopo. Simwonei huruma hata kidogo.

Juzi nimemkuta Mgori kwenye foleni na magunia yake ya alizeti. Mama kamtoza bei ile ile ya kila mtu, na risiti akampa.

Somo: ukiwa na kazi mbili sema mapema, na mali yako iandike jina lako.

Wajanja wenzake Elia mpo humu, nawajua. Njooni mjitetee.