Farasi Hana Ukoo

Kornelia alipoambiwa asiguse ng'ombe wa mtu, aliuliza kama farasi naye ni ng'ombe. Hakuna aliyemjibu, naye akauchukua ukimya ule kuwa ruhusa.

Mimba yake ilikuwa imeharibika, na kwa Wairaqw wa Maretadu, enzi zile za Mwingereza, jambo hilo lilikuwa na sheria yake: metimani. Mwanamke aliyepatwa alitengwa mpaka wazee waseme basi. Haingii nyumba ya mtu, hateki maji na wenzake, hasogelei mifugo, kwa kuwa inaaminika ana uchafu wa kuua ndama na watoto wa watu. Jirani akimwona njiani alikata kona. Kornelia alilia, tusidanganyane. Alimtamani hata mama mkwe wake Natalia, ambaye siku za kawaida walikuwa hawapikiki naye chungu kimoja.

Kibanda alichopewa kilikuwa nyuma ya banda la farasi la mzungu wa mifugo, aliyezunguka kukagua ng'ombe kule ambako gari halifiki. Mumewe, Hermani, ndiye aliyekuwa saisi, mtunzaji wa farasi huyo. Farasi mwenyewe alikuwa jike jekundu, jina lake Rubi. Kwa kutembea alikuwa mpole, lakini ukimtaka akimbie kidogo tu, anainua kichwa, anauma lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuondoka kama aliyevamiwa na nyuki. Msimu wa mavuno alimtupa Hermani korongoni, akamvunja mtulinga, mfupa wa bega. Hermani akabebwa kwenda kuuguzwa kwa mama yake. Mzungu, akiwa safarini kwenda Hanang, aliacha neno moja: akirudi amkute Rubi anakimbia kwa utulivu na mtu mgongoni, la sivyo atampiga risasi.

Nani amfundishe? Vijana wote walikuwa wamemwona Hermani alivyoletwa. Tangu siku ile Kornelia ndiye aliyempa Rubi maji na pumba, na katika Maretadu nzima Rubi ndiye kiumbe pekee aliyemsogelea Kornelia bila woga. Ampoteze na huyo? Alikataa katakata.

Akakaa akawaza. Hermani alikuwa akienda matembezi taratibu na kuzianza mbio wakati wa kurudi, njia ya mteremko, banda likionekana na pumba zikinukia. Basi Rubi alikuwa amejifunza kwamba kukimbia maana yake ni kuwahi chakula. Kornelia akageuza mambo. Pumba alizifunga kwenye kitambaa, akampanda Rubi na kuelekea kilimani, wakilipa banda mgongo. Mlima ukiwa mkali farasi hana pumzi ya kufanyia ukorofi. Akikimbia hatua chache bila kuvuta hatamu, Kornelia anamtuliza, wanatembea, kisha wanajaribu tena. Pumba zililiwa huko juu. Kurudi nyumbani kulikuwa kwa miguu, Kornelia akimwongoza kwa kamba, na bandani hakukuwa na kitu kilichomsubiri ila majani makavu.

Alianguka, tena si mara moja. Kiuno kilimuuma mpaka akawa anapika akiwa amepiga magoti. Lakini kila alipoinuka alimkuta Rubi amesimama akimngoja, na hasira yake ya kutengwa ikapata kazi ya kufanya.

Habari zikafika kwa Natalia. Mke wa mwanawe, tena mwenye metimani, amekaa juu ya mnyama miguu huku na huku! Alikuja na wazee watatu, wakasimama ng'ambo ya korongo, maana karibu zaidi ya hapo ni hatari.

"Shikamoo mama," Kornelia aliita kutoka mgongoni mwa Rubi.

Natalia ilimbidi aitikie marahaba, ndipo akaanza kufoka. Alisema ukoo mzima unachekwa mpaka Tumati. Mzee mmoja akaamuru ashuke mara moja.

"Farasi hana ukoo hapa, baba," Kornelia alisema. "Na anayetaka nishuke, avuke aje anishike mkono."

Wazee hawakuvuka. Kumshika ndilo jambo pekee wasiloliweza. Walikuwa wamemzungushia uzio, na sasa uzio uleule ulikuwa umewafungia nje. Kornelia alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, akampandisha Rubi mlimani mbele ya macho yao.

Mzungu aliporudi, Hermani alikuja mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, watu wakajaa kwa mbali. Bunduki ilikuwa begani mwa mzungu. Kornelia hakungoja kuulizwa. Alipanda juu kabisa ya kilima, akageuka, akashuka na ile njia ya banda iliyokuwa imemvunja mumewe. Rubi alikimbia kichwa chini, hatamu zikiwa zimelegea, hatua zake sawasawa, akalipita banda bila kulitupia jicho. Mzungu akaishusha bunduki begani, akamwambia Hermani kwamba mkewe huyo huyo aendelee na farasi.

Kesho yake Natalia akaja peke yake. Safari hii alivuka korongo, akasimama hatua chache tu kutoka kibandani, na sauti yake ilikuwa laini. Wazee walikuwa wamekaa, wamekubali kumtoa metimani mapema. Angetakaswa, angeingia nyumbani, angekamua ng'ombe na kuteka maji na wenzake. Ila mwanamke aliyerudi kwa watu hapandi farasi.

Machozi yalimlenga Kornelia, kwani ndilo jambo aliloliomba kila siku tangu alipoingia kibanda kile.

"Waambie wazee nimeshukuru sana, mama," alisema. "Lakini muda wangu haujaisha."

Akachukua lijamu, akaenda kumtoa Rubi.