Aliyekwenda Kutafuta Chumvi

Katika nyumba mpya ya Mwalimu Symphorien Tshiamala kulikuwa na chumba ambacho hakuna mtu aliyelala ndani yake, na bado asubuhi mkeka wake ulikutwa umechafuka. Udongo wenyewe haukuwa wa hapo. Hapo walipohamishiwa ni mchanga mweupe mtupu, lakini ule wa mkekani ulikuwa mwekundu, una chembe za kijani, kama wa kijiji walichokiacha. Mke wake aliutazama akasema tu, "Alipita." Mwalimu aliukung'uta dirishani, akachukua chaki zake, akaenda kufundisha hesabu.

Usimcheke haraka. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akazaa watoto Kolwezi, akaamini Kolwezi ni kwao. Kisha ukaja mwaka ule ambao Wakasai waliambiwa warudi makwao, na watu waliozaliwa hapo hapo wakalala gare, kituo cha treni, majuma na majuma, wakingoja treni ya kuwapeleka wasikokujua. Wengine huoa kanisani. Mwalimu alipata mke gare. Louise Tshiela alikuwa ameketi juu ya sanduku la mama yake, anamkaripia kijana mmoja mrefu aliyemkanyagia sufuria. Kijana huyo ndiye Mwalimu. Treni ilipokuja, hawakupanda. Chifu wa kijiji kimoja upande wa Mutoshi alikuwa na shule isiyo na mwalimu, akawaficha wote wawili mpaka hasira za watu zikapoa. Aliyewahi kufukuzwa hashiki ardhi kwa mkono mmoja, na hao wawili walikishika kijiji kile kwa meno.

Hapo wakazaliwa pacha, Mbuyi na Kabanga, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mama yao Louise tena. Akawa Mua Mbuyi, mama wa pacha, jina ambalo kwa Wakasai ni cheo. Walipofikisha miaka minne, homa ya masika ikamchukua Mbuyi.

Sasa, kwa wakubwa wa ukoo wao, pacha hafi. Ukisema kafa, ukimlilia, umemwita na mwenzake amfuate. Husema ameenda kutafuta chumvi, basi. Kwa hiyo walimzika nyuma ya jiko, karibu na migomba, bila kilio, wakapafagia pakawa sawa. Kabanga alipouliza ndugu yake yuko wapi, akajibiwa habari ya chumvi, na mama yao akaendelea kutenga chakula cha watoto wawili. Mwalimu, mtu wa chaki na katekisimu, aliyaita mambo ya bibi zake. Lakini hakuwahi kuyavunja, kwa sababu aliogopa. Tuliseme wazi, aliogopa miaka yote.

Kosa lenyewe lilifanyika mchana kweupe. Kampuni moja ilitaka madini yaliyo chini ya kijiji, ikamtuma msichana mpole aitwaye Tina kupita nyumba kwa nyumba kuandika watu na makaburi ya kuhamishwa.

"Mama, batoto benu ni bangapi?" aliuliza Tina.

"Batatu," alijibu Mua Mbuyi. "Mbuyi, Kabanga, na Abigaël. Ule Abigaël alishaolewa ku Fungurume."

"Na Mbuyi iko wapi?"

"Alienda kutafuta munyu."

Tina alidhani ni mfanyabiashara. Akauliza kama wana kaburi lolote la kuhamishwa. Mwalimu akafungua mdomo, mke wake akamtazama, naye Mwalimu akasema, "Hatuna."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Mwalimu alificha kifo chenyewe. Makaburi mengine yote yakahamishwa kwa heshima, padri mbele, nyimbo nyuma. Familia ya Tshiamala wakajengewa nyumba nzuri, yenye chumba cha mfanyabiashara wa chumvi. Mbuyi akabaki peke yake kwenye kijiji kisicho na moshi hata mmoja.

Wala hakukaa peke yake muda mrefu. Kabla kampuni haijazungusha ukuta, vijana walijipenyeza na nyundo zao, wakachimba mashimo katikati ya nyumba zilizobomolewa. Kabanga alikuwa kiongozi wa ekipi moja, kikundi cha wachimbaji. Baba yake alikuwa amemtaka awe mwalimu, lakini kijana aliyemwona baba yake akifundisha mwezi baada ya mwezi bila mshahara humwambii kitu.

Jumapili moja baada ya misa walikuwa mezani, bukari, ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo vikifuka mvuke, Kabanga akasema kama anayesimulia habari ya mpira, "Tata, kule chini ya shimo iko mutu."

"Mutu gani?" aliuliza Mwalimu.

"Simujue. Mi nagonga ukuta na nyundo, ye anajibu. Nikigonga polepole, naye polepole. Benzangu banasema upande ule hakuna ekipi yoyote."

"Upande gani?"

"Nyuma ya jiko yetu ya zamani, karibu na migomba." Alimega bukari. "Na siogope, tata. Nikimusikia, roho yangu inatulia. Kesho tutapasua ule ukuta nimuone."

Mua Mbuyi aliweka mwiko chini. Mwalimu alisukuma sahani yake kando. Alijua udongo wa pale. Uliwahi kuchimbwa ukafukiwa, haujashikana tena, na mvua zimeanza. Atakayeupasua kutoka chini ataangukiwa na mlima. Alijua pia kwa nini mwanawe hajui kuna kaburi pale. Katika maisha yake yote alikuwa amewafundisha watoto wa watu kusema kweli.

"Ule si mutu wa ekipi," alisema Mwalimu. "Ni ndugu yako. Mbuyi alikufa, mutoto wangu. Tulimuzika pale."

Kabanga alicheka kidogo, kisha akaona baba yake hacheki. Akamgeukia mama yake, maana katika jambo hili ni yeye aliyemwamini tangu utotoni. "Mama, ni vile?"

Masikini mama yule alikuwa katikati ya vifo viwili. Akinyamaza, shimo litammeza mwanawe. Akimlilia Mbuyi, kwa imani yake, Mbuyi atamvuta Kabanga.

Kabanga alingoja, akachoka. Akavaa viatu vyake vya shimoni. "Basi naenda leo leo," alisema. "Nitamuuliza ye mwenyewe."

Alikuwa ameshika mlango mama yake alipotoa kilio. Hakikuwa na neno ndani yake. Kilikuwa kilio cha miaka ishirini kilichokaa tumboni, na kilipotoka kilimwangusha chini. Kabanga akaachia mlango, akarudi, akamkumbatia. Majirani waliingia wakiuliza nani kafa. Mwalimu akasema, "Mbuyi." Wale wa kijiji cha zamani hawakuuliza zaidi, wakaketi chini wakalia naye, kumbe walijua siku zote.

Kesho yake mvua ilinyesha, na ekipi haikuingia shimoni bila kiongozi wake. Ardhi ikadidimia bila mtu ndani.

Mwalimu, Kabanga na Tata Stéphane, katekista wao, walipofika, shimo lilikuwa limekula jiko na migomba yote. Kaburi lilibaki ukingoni kabisa. Walichimba kwa mikono mpaka wakalifikia blanketi dogo. Upande ulioelekea shimo udongo ulikuwa umetoboka, tundu laini la kupita mkono wa mtoto. Tata Stéphane alijifanya hakuliona.

Mbuyi akazikwa upya kwenye makaburi mapya, na safari hii jina lake liliandikwa msalabani. Mua Mbuyi alilia akiwa ameushika mkono wa Kabanga, akimtazama usoni kila mara kuona kama bado anapumua. Alipumua. Mwalimu alimshukuru Mungu kwa sauti, bila haya, mbele ya wanafunzi wake.

Watu walipoanza kurudi, akamkosa mwanawe. Alimkuta amepiga magoti kando ya kaburi, anagonga udongo kwa ngumi, polepole, kisha anaweka sikio. Mwalimu akapiga magoti pale pale na suruali yake ya kanisani.

"Anasema nini?" alinong'ona.

Kabanga akagonga tena, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hanijibu tena, tata," alisema, akaanza kulia kama mtoto wa miaka minne aliyeamka akakuta upande wa pili wa mkeka hakuna mtu.