Beseni Lisilo na Nzi

Nakumbuka asubuhi moja pale Pasiansi, mwanangu, ziwa lilipokosa sauti. Binti yangu Neema alikuwa ndiyo kwanza amejua kunivuta kanga akitaka kula, nami nikashuka ufukweni kutafuta kitoweo. Mawimbi yalikuwepo, mawe yalikuwepo, lakini kuna kitu kilikuwa kimepungua, nisijue ni kitu gani. Ndivyo kimya kilivyo. Hukisikii mpaka uulizwe.

Nyuma ya mawe, mbali na mwalo ambako wavuvi wetu huuzia, vijana wawili nisiowafahamu walikuwa wanauza sato. Wakubwa kwa wadogo, hata vitoto vya urefu wa kidole, wote chungu moja.

"Dada, beba tu," mmoja akaniambia. "Leo ziwa limejitoa lenyewe."

Bei yao ilikuwa ya kutupa. Nikajaza beseni. Kilichonifurahisha zaidi ni usafi wa wale samaki: hapakuwa na nzi hata mmoja. Njiani nikamgawia jirani yangu, Mama Sospeter, sato wawili, kisha nikaenda nyumbani kuwasha jiko.

Mama mkwe wangu, Mkerewe aliyezaliwa na kukulia kisiwani, akatoka ndani na kigoda chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, macho yake yako kwenye beseni.

"Mkwe, nzi wako wapi?"

Nikacheka. "Mama, leo umewakumbuka nzi? Si wewe unayenigombeza kila siku nifunike chakula?"

"Nimekuuliza, nzi wako wapi?"

Tukakaa tunatazama. Mwishowe akaja mmoja, akatua juu ya jicho la samaki. Akatembea kidogo. Akaanza kusugua miguu, kama desturi yao, halafu miguu ikapotezana. Akaanguka chali, akazunguka mara moja, akatulia. Kifo kidogo kama kile, mwanangu, kilijaza ua mzima.

Neema alikuwa ameshashika sahani yake.

"Mtoe mtoto hapo!" mama akasema. "Na ufukweni, wale ndege weupe, yangeyange, umewaona?"

Hapo ndipo nilipojua kilichopungua. Yale mawe yalikuwa matupu. "Hapana, mama. Hata kunguru."

"Basi waliotangulia kula wameshakula, na hawatarudi."

Nikawakumbuka wale sato wawili. Nilikimbia bila viatu. Mama Sospeter alikuwa jikoni kwake, mwiko mkononi.

"He, shoga, mbona unahema kama umefumaniwa?"

"Mmekula?"

"Tule nini, na ugali ndiyo kwanza nausonga? Matumbo tu nimewarushia bata."

Tukageuka sote wawili. Bata wake walikuwa wamelala chini ya mpapai, shingo zimenyooka upande mmoja, kama walioambiwa wajipange. Upepo ulipita ukapeperusha manyoya yao, wao hawakutikisika. Mama Sospeter akaacha kucheka. Akaingia ndani akiwaita watoto wake majina, mmoja mmoja, na kila mmoja alipoitika nilipata pumzi.

Samaki wote tuliwafukia shimoni, wakubwa kwa wadogo, pamoja na bata.

Baadaye tulisikia kwamba vijana wale walimwaga ziwani dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Zamani dawa ile tuliipata kwenye chama cha ushirika, bwana shamba akiwa amesimama pale. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, ikauzwa dukani kando ya sabuni.

Miaka ilipita, nikawa mwalimu wa biolojia, na kila nilipochora ubaoni nilimwona yule nzi. Hebu nikueleze polepole, si jambo gumu. Chembe ya sumu, ndogo kuliko jicho linavyoona, huingia kwenye seli, kile kijumba kidogo ambacho ndicho tofali la kila chenye uhai. Seli za neva zikivurugika, neva nzima huvurugika, na shavu la samaki husahau kupumua. Samaki akifa, yangeyange humla, bata humla, na Neema ameshika sahani. Ziwa lote hili, na ndege wake na watu wake, limejengwa juu ya vijumba vile. Ukibomoa chini kabisa, juu kunaanguka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Basi ninachokuusia ni hiki: ukifika mahali, usitazame kilichopo tu. Uliza nani hayupo aliyezoea kuwepo. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wala usimwage kitu majini kwa kuwa ni kidogo, maana hakuna kidogo kinachobaki peke yake.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe meza yenye chakula na watoto wa kuitika ukiwaita. Na kila utakapoketi kula, nzi wasikose kukusumbua.