Waya wa Chumba cha Eda

Badru, kitindamimba wa marehemu mzee Nassibu, Mungu alimjalia kipaji kimoja tu: kusimama katikati ya shughuli mikono kiunoni wenzake wakitoka jasho. Siku ya mazishi ya baba yake, wanaume wa Mwananyamala waligombea kubeba jeneza. Yeye alikuwa barabarani anaelekeza magari, na magari yenyewe yalikuwa mawili. Dada yake Somoe alimwona, akameza mate, akamwachia Mola.

La arobaini hakulimeza.

Mama yao alikuwa amekaa eda katika chumba cha nyuma kabisa, na kuta za nyumba ile ni nene. Ukiingia humo na simu, mtandao unakufa. Anwar, mtoto wa kwanza, anafanya kazi Muscat, na ruhusa ya kuja kumzika baba yake hakupewa. Basi wakakubaliana kwamba siku ya khitma ya arobaini ataongoza dua kwa video. Wanaume wa sebuleni wamtazame kwenye televisheni, na mama amsikilize kwa simu chumbani kwake.

"Nimsikie tu mwanangu anavyomwombea baba yake, nami niitikie amin," mama alisema. Tangu afiwe na mumewe hakuomba kitu kingine.

Badru akaidaka kazi hiyo kabla hajapewa. Akaja na vidude vitatu vyeupe vya Wi-Fi, vya kupokezana mtandao: kimoja akakiweka sebuleni, kimoja ukumbini, cha tatu akampa Somoe akiweke kwa mama.

"Nyumba nzima moto sasa hivi!" akatangaza.

Cha sebuleni kilikuwa moto kweli. Cha mama kiliwaka taa nyekundu, kikabaki kinawakodolea macho.

Aliitwa fundi Adelard kutoka Chang'ombe. Akaugonga ukuta, akatikisa kichwa. "Braza, hiki cha mwisho kinakula makombo. Tupitishe waya juu ya dari, tukilishe moja kwa moja kutoka sebuleni."

"Waya?" Badru alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Mie nimenunua vitu vya kisasa, wewe unanirudisha kwenye waya? Wageni watasemaje?"

"Watasema wamemsikia Anwar," Somoe akamjibu. "Vuta waya, fundi."

Mwanamume wa kando haingii chumba cha mwenye eda, kwa hiyo Adelard alipanda darini kwa upande wa ukumbini, akaupenyeza waya, kisha akashuka na kusimama nje ya pazia.

"Dada, umeuona?"

"Nimeuona."

"Uvute taratibu, usiukunje. Kile kichwa chake kichomeke nyuma ya kidude mpaka kilie 'ka'."

Kikalia. Taa ikageuka kijani. Wakampigia Anwar, naye akasema, "Shikamoo mama," na mama akaiweka simu shavuni, akasahau kuitikia marahaba.

Siku ya khitma sebule ilijaa kanzu. Somoe alikuwa kwa mama, kashika simu. Anwar akaanza dua, sauti imetulia. Ghafla akaganda, mdomo wazi.

"Somoe, mbona mwanangu kanyamaza?"

Taa ilikuwa nyekundu. Somoe akatoka mbio hadi mlango wa sebule. Humo Anwar anaendelea kusoma kwenye televisheni, wanaume wanaitikia, na ule waya uliokuwa ukishuka ukutani umeviringishwa, umefichwa nyuma ya kochi. Badru alikuwa ameuchomoa punde tu, bila kumwambia mtu, kwa sababu ulikuwa unaharibu rangi ya ukuta machoni pa wageni. Riya, kutenda ili watu waone, ina sura nyingi. Hii ya kumnyima mjane dua ya mumewe ili ukuta upendeze, Somoe alikuwa hajawahi kuiona.

Alimwashiria. Badru akampungia mkono: ngoja, tumalize kwanza.

Somoe akajifunga ushungi vizuri, akaingia, akapita kati ya magoti ya wanaume.

"Binti, wanawake wako uani," shehe Mwinshehe akamkumbusha kwa upole.

"Najua, shehe. Nisamehe. Mfiwa hasikii."

Shehe akasogeza miguu, akampisha.

"Unaniaibisha mbele za watu," Badru akanong'ona.

Somoe aliutoa waya nyuma ya kochi, akauchomeka, akasimama palepale kuulinda. Shehe akaomba watulie kidogo. Walibaki mikono imeinuliwa, mpaka kwenye televisheni ikasikika sauti ya kizee, imechoka:

"Anwar, baba, nipo. Rudia mwanzo."

Anwar alifunika uso kwa kiganja. Kisha akarudia mwanzo, na kila alipotua, amin ya mama ilitangulia amin za wanaume wote.

Chakula kilipoletwa, Badru alikuwa tayari katikati ya wageni, mikono kiunoni. "Mitambo yangu hiyo," anawaeleza. "Mpaka Muscat, jamani!"

Somoe alipita na sinia la pilau, akamzunguka kama unavyozunguka nguzo, akawaandalia waliokaa nyuma yake.