Dobi wa Kibokoni aliyesomeshwa na makaa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumamosi. Nyuma ya duka la dobi la Bwana Taib, mtaa wa Kibokoni, Mombasa, Zakaria Kingi amechuchumaa mbele ya pasi mbili za chuma zilizofunuliwa vifuniko. Anapepea makaa kwa kipepeo cha ukindu, polepole, uso ameugeuza upande kuukwepa moshi.

Makaa yakishashika anainuka, ananawa mikono kwenye ndoo na kuikausha vizuri. Kisha anashusha rafuni kitabu kinene kilichovingirishwa katika kipande cha kanzu kuukuu. Anaketi juu ya kibao, anaweka kidole chini ya neno la kwanza, na kuanza kusoma kwa sauti.

Hasomi haraka. Neno refu hulikata vipande vitatu, akavipima mdomoni, halafu akaliunga na kulitamka zima kama mtu aliyelishinda.

Pasi ya makaa huchukua kama dakika ishirini kupata moto wa kunyoosha kanzu, na katika dakika hizo dobi hana la kufanya. Wengine huvuta sigara. Wengine hukaa mlangoni wakawasengenya wapita njia. Kingi husoma Biblia, naye amefanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka saba, tangu mwaka 1961.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya makaa. Juu ya meza kuna maboksi manne yenye pasi mpya za stima, na fundi ameshapitisha nyaya ukutani. Jumatatu zinaanza kazi.

"Pasi ya stima ukiichomeka, hujamaliza kupiga chafya imeshapata moto," anasema Kingi, akiyatazama maboksi yale bila furaha. "Sasa mimi nitasoma saa ngapi?"

Si swali la mzaha. Kingi, mwenye umri wa miaka arubaini na sita, amesoma kutoka Mwanzo hadi mwisho wa Filemoni. Amebakiwa na sura hamsini na sita tu kufika ukurasa wa mwisho, na anajifahamu vizuri. Nje ya zile dakika ishirini za makaa hajawahi kudumu na kitabu hicho hata mwezi mmoja.

Kingi ni mzaliwa wa Ribe. Alikuja kisiwani akiwa kijana, akabeba mizigo, akafua, hatimaye akapewa pasi. Kusoma alijifunza ukubwani, katika kisomo cha ngumbaru, akikaa benchi moja na wazee waliomzidi umri na akili. Hadi leo hawezi kusoma kimya. Asipoisikia sauti yake, anasema, maneno hayamwingii.

Biblia yenyewe alinunuliwa na mama yake, Mbodze, mwaka aliobatizwa. Mama huyo hakujua hata herufi moja. Alisuka makuti msimu mzima, akayauza, akamwendea mwalimu wa kanisa na fedha zimefungwa kwenye pindo la leso.

"Aliniambia, 'Mimi sina macho ya kusomea. Wewe utakuwa ukija unanihadithia tulipofika,'" anakumbuka Kingi.

Basi kila Januari alianza. Nyumbani Majengo, akishakula, aliwasha kibatari na kufungua Mwanzo. Dunia iliumbwa, Adamu akafukuzwa bustanini, Kaini akamuua nduguye, Nuhu akaingia safinani. Hapo usingizi, au wageni, au uchovu wa kusimama kutwa nzima mbele ya meza ya pasi, ulimkatisha. Akikosa siku moja alikosa wiki. Akikosa wiki, aliona haya kukifungua kitabu, akangoja Januari nyingine aanze upya.

Mkewe, Dama, bado anacheka akilisimulia hilo. "Nilikuwa nikimuuliza, Baba Mejumaa, huyo Nuhu wako hajashuka tu? Mwaka wa sita huu yumo safinani na wanyama wale wote."

Kingi naye hucheka, lakini si sana. Maana kila alipokwenda Ribe, mama yake alimwekea kigoda, akakaa mkabala naye na kumuuliza, "Haya mwanangu, tumefika wapi?" Naye alijibu, "Gharika, mama." Mwaka uliofuata, gharika. Na mwaka uliofuata huo, gharika vile vile.

Mara ya mwisho, mama alitikisa kichwa na kusema, "Basi maji hayo ni mengi." Mvua za masika za mwaka 1961 zilimkuta kaburini.

"Hakunilaumu hata siku moja," anasema Kingi. Anaokota kaa dogo lililoanguka sakafuni. "Angenilaumu ingekuwa afadhali."

Aliporudi kazini baada ya matanga alikuja na kitabu kwapani. Hakuwa na mpango wowote. Hakutaka tu kukiacha nyumbani. Asubuhi ile aliwasha makaa, na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi, akafungua. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Wiki ya pili maji yalikauka, na Nuhu na jamaa yake wakashuka nchi kavu.

"Nililia hapa hapa, mbele ya pasi," anasema. "Nilitamani nipate mtu wa kwenda Ribe sasa hivi, ampelekee mama habari kwamba wameshuka."

Tangu hapo mambo yalijipanga yenyewe. Alijua kwamba makaa ya vifuu vya nazi hushika upesi, na ya mkoko huchelewa. Zaburi fupi aliipikia vifuu. Sura ndefu, zenye wafalme wengi na vita vingi, alizitilia mkoko.

Bwana Taib, mwenye duka, anasema aligundua mwenyewe. "Niliona mkoko unakwisha mbio na vifuu vimejaa gunia. Nikamuuliza, Kingi, kulikoni? Akaniambia, 'Niwie radhi bwana, nimefika kwa Waamuzi.'" Bwana Taib hakukataza. Anasema mtu anayesoma maneno ya Mungu kabla ya kushika nguo za watu hawezi kuzipoteza.

Lakini msikilizaji mkubwa wa Kingi hakuwa mle dukani. Ng'ambo ya kichochoro, hatua nne hivi, kuna dirisha la Bi Mwanaesha, mjane mwenye miaka sitini na kitu, ambaye hushona kofia za kutoboa kwa mkono. Kutwa huwa amekaa pale na sindano yake. Asubuhi za mwanzo alisikia tu mtu anakokota maneno. Kisha akaanza kuwatambua wanaotajwa: Ibrahimu, Yusufu, Musa, Ayubu.

"Hao wote nawajua," anasema Bi Mwanaesha. "Mengine kwetu husimuliwa vingine, nami humwambia. Lakini sauti nimeizoea."

Urafiki wao ulianza kwa kosa. Ilikuwa mwaka 1965, Kingi amefika kwa nabii Isaya, pale malaika anapochukua kaa la moto kwa koleo na kuligusisha midomoni mwa nabii. Mtu anayeshika makaa na koleo kila siku alitarajiwa kupita hapo kwa raha. Lakini Kingi alikuwa akipambana na herufi, na ile ya kwanza aliipiga kwa pumzi nyingi mno. Kwa watu wa Mombasa pumzi hiyo si mapambo. Kaa bila pumzi ni la jikoni. Kaa mwenye pumzi ni yule anayetembea upande upande ufukoni. Kitabuni maneno yote mawili yameandikwa sawasawa.

Sindano ya Bi Mwanaesha ilisimama. Akafungua dirisha lote.

"Kingi, ndoo hapa dirishani," alimwita aje. "Sabalkheri."

"Sabalkheri, Bi Mwanaesha. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, alhamdulillahi. Hebu nambie, huyo malaika amemtia nabii wa Mungu mdomoni kaa wa baharini?"

Kingi alirudi kukitazama kitabu, akaona kwa macho yake kwamba ni kaa la moto, na akaona pia kwamba ameutangazia mtaa mzima jambo jingine kabisa. Muuza kahawa aliyekuwa akipita alikuwa ameshaegemea ukuta kwa kicheko.

"Weka kiganja mbele ya mdomo," Bi Mwanaesha alimfundisha. "Taja la jikoni. Wahisi upepo? Huhisi. Taja wa baharini. Umehisi? Basi." Siku nyingine alimpa paa la nyumba na paa wa mwituni, na kiganja kikafanya kazi ile ile.

Kingi anakiri kwamba katika kuzungumza hakuwahi kukosea maneno hayo tangu utotoni. "Lakini nikisoma nilikuwa nasoma herufi. Yeye alinifundisha kusoma maneno." Anasema hivyo kwa upole, kama mtu anayemtaja mwalimu wake wa kwanza.

Jumamosi hii anamaliza Filemoni, anavingirisha kitabu, anafunga vifuniko vya pasi na kuanza kanzu ya kwanza kati ya thelathini za siku hiyo. Kwa stima, Bwana Taib anatarajia sitini. "Wateja hawangoji tena," anasema. "Ningefanyaje?" Mshahara wa Kingi, shilingi mia moja na arubaini kwa mwezi, nao umeongezwa kumi, na hilo Kingi amelishukuru.

Jumatatu pasi mpya zinawaka. Hazina moshi, hazina majivu ya kuchafua kola nyeupe, na hazimpi mtu nafasi ya kuketi. Kingi ananyoosha kutoka saa kumi na mbili unusu hadi adhuhuri, kitabu kiko rafuni. Jumanne anakijaribu nyumbani, akiwa bado na vumbi la njia ya Tononoka miguuni. Anasoma mistari mitatu ya Waebrania, na Dama anamkuta amelala kidevu kifuani. Jumatano hakigusi.

"Nilianza kuiona ile haya ya zamani," anasema. "Nikajiambia, huenda Januari."

Jumatano hiyo hiyo, saa tano, dirisha la ng'ambo linafunguliwa.

"Kingi, una nini mwanangu? Siku ya tatu hii sikusikii. Mgonjwa?"

"Si mgonjwa, Bi Mwanaesha. Ni hizi pasi. Makaa hakuna tena."

Bi Mwanaesha anamtazama. Hacheki wala hakasiriki, ameshangaa kweli. "Kumbe ni makaa yaliyokuwa yakisoma?" anasema. "Miaka yote hii nami nadhani ni wewe."

Kisha anarudi kwenye kofia yake. Kingi anasimama na kanzu ya mtu mkononi, na kwa bahati pasi haijaigusa, maana muda aliosimama ungetosha kuiunguza. Anasema maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Miaka saba alikuwa amejihesabu kuwa msomaji. Hakuna siku hata moja aliyokifungua kitabu wakati alipokuwa na jambo jingine la kufanya.

Alhamisi, kabla ya jua kupanda, duka bado limefungwa. Kingi ameketi kizingitini. Ametoka Majengo nusu saa mapema kuliko kawaida, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kitabu kiko magotini. Ng'ambo dirisha liko wazi, Bi Mwanaesha yupo na sindano yake.

Anasoma vibaya. Anapoteza mstari, anaurudia. Mara mbili anainua macho kutazama kama Bwana Taib anakuja na ufunguo, kana kwamba anamwomba aje amwokoe. Bwana Taib haji. Kingi anashusha macho, anatafuta neno alipoliacha, anaweka kidole.

"Ilikuwa rahisi zaidi zamani, sitakudanganya," anasema baadaye, akikunja kitambaa juu ya kitabu. "Nayakumbuka makaa yangu. Hata ule moshi naukumbuka. Lakini mama hakusuka makuti ili makaa yasome."

Amepiga hesabu kwamba akija mapema hivi kila siku, atafika mwisho kabla ya Pasaka. Halafu atapanda basi la Ribe, na anajua atakapokwenda kuketi akifika.

Na baada ya hapo?

"Nitaanza upya, Mwanzo sura ya kwanza," anasema Kingi. "Na safari hii nitasoma mimi."