Pete Iliyopimwa kwa Dole Gumba Langu

Mchumba wa mjukuu wangu anafanya kazi melini. Alisafiri, kurudi mpaka siku moja kabla ya harusi, kwa hiyo pete yake ilibidi inunuliwe mwenyewe hayupo. Kabla hajaondoka, mjukuu wangu akakata udongo wangu wa vyungu, akamviringishia kidoleni, akaivua taratibu ile pete ya udongo. Nikaivaa dole gumba. Ikaingia yote.

"Basi bibi harusi ni mimi," nikasema. Akaninyang'anya, akaianika dirishani.

Wiki iliyofuata tukaenda Kyela mjini. Kwanza gauni. Likambana, akawa anapumua kwa mabega. Mwenye duka, anayeongea puani, akasema: "Dadaaa, umependezaje! Utapungua kabla ya siku."

Na mjukuu wangu naye: "Bibi, nitapungua."

"Kinachopungua ni udongo. Wewe unakula wali wa kwetu Ngonga."

Akalichukua hivyo hivyo.

Kwa sonara akafungua leso, akatoa ile pete ya udongo. Sonara akaivisha kwenye kifimbo chake cha kupimia, akakohoa kama mchungaji anayeanza mahubiri. "Namba nane. Kipimo hakidanganyi, mama."

Nikamwambia kinadanganya. Udongo ukikauka unanywea. Chungu cha leo kesho kidogo.

"Mama, haya ni mambo ya namba."

Mjukuu wangu akanikanyaga mguu. Alikuwa na hofu yake: mama mkwe alishasema, kwa sauti yake ile ya kupuliza moto, "Pete ikigoma kanisani, na ndoa imegoma."

"Lete hapa." Nikaivaa dole gumba. Ikakwama kwenye kifundo. Nikasukuma, ikavunjika vipande viwili. Mjukuu wangu akaanza kulia palepale dukani.

Nikamnyooshea sonara dole gumba. "Mbichi iliingia hapa yote. Pima hili. Hili lilishakauka zamani, halinywei tena."

Akapima. Namba kumi. Akatutolea ya namba kumi, bila kukohoa.

Asubuhi ya harusi zipu ya gauni haikupanda. Nikambana pini tisa mgongoni, shela likazifunika. "Usikohoe," nikamwambia, "na usicheke."

Kanisani nilikaa nyuma yake. Akainama kumvika mwenzake pete, mama mkwe kasimama kabisa aone. Ikateleza mpaka mwisho wa kidole.

"Imeingia!" mama mkwe akapiga kigelegele.

Pini moja ikafyatuka, ikaanguka karibu na mguu wangu. Nikaikanyaga.